Kijiko Kimoja cha Mafuta

4 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za wote wa hapa. Sisi wazima. Shemeji yako bado anakohoa na bado anaapa kwamba hakohoi. Kitinda mimba wangu amefaulu mtihani wa udereva, mara ya tatu hii, sasa yeye anaendesha gari la mwenzake na mimi naendesha dua. Pale kantini wameongeza zamu. Napikia watu mia mbili na kumi kwa siku, na vidole vyangu vinanuka kitunguu hata nikitoka kuoga.

Kwa kuwa simu hupokei, nimenunua bahasha dazeni moja. Ni miezi miwili sasa tangu tumzike wifi, mkeo, na nimepiga mpaka yule mama wa kwenye simu anayesema hupatikani tumekuwa mashoga. Barua huwezi kuizima. Ukiitupa mvunguni itakungoja hukohuko.

Jambo lenyewe ni chakula chako. Zile siku nane nilizokaa kwako niliiona karatasi ya kliniki, umeibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati ili wageni wasiione. Imeandikwa mboga kwa wingi, mafuta kidogo, sukari hapana. Chini yake kulikuwa na mikate minne na kopo la maziwa matamu. Mkate na chai ya sukari asubuhi, mkate na chai ya sukari jioni. Mwenye kisukari akila hivyo haishi, anasubiri. Nami sitaki usubiri.

Najua hujawahi kushika karai. Basi sikiliza, kazi yote ni dakika kumi. Wanasema haraka haraka haina baraka, lakini waliosema hawakuwa wakikaanga mboga. Chukua karoti moja, pilipili hoho moja, kipande cha kabichi, kitunguu. Katakata vyote kwanza, maana moto ukishawaka hutakuwa na nafasi ya kutafuta kisu. Karai lipate moto kweli, kisha mafuta kijiko kimoja, cha kulia wali, siyo upawa. Anza na karoti kwa kuwa ni ngumu, halafu hoho na kitunguu, kabichi mwisho. Geuza, geuza, usiondoke. Kitunguu saumu kitie karibu na mwisho, kikitangulia kinaungua na kutia uchungu kila kitu. Chumvi kidogo, kamulia ndimu, epua mboga zikiwa bado na sauti ukizitafuna.

Niandikie umekula nini. Usiniandikie "nimekula". Niandikie nini.

Dadako


27 Februari

Dada,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Paa la jikoni linavuja, nimeweka ndoo. Karakana tuna kazi ya shule moja, madirisha sitini. Habari nyingine sina.

Nilipika kama ulivyosema, ila nilitia vyote kwa pamoja, nikafunika, nikaenda kukaa. Nilipofunua zilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vioo. Nilikula zote. Hazikuwa na ladha mbaya. Hazikuwa na ladha yoyote, lakini siku hizi hata mkate hauna.

Simu nimeizima nikaitia kwenye droo. Ikilia naona kama mtu ana haraka na mimi, na mimi sina haraka na mtu. Barua ni sawa. Msimamizi wetu wa karakana anaziona zikija, anauliza kama nimepata mchumba.

Karatasi ya kliniki sikuificha. Mlango ule ndio ulikuwa na nafasi.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo wewe na ndoo yako? Huku shemeji yako amekubali kwenda kupigwa picha ya kifua, baada ya mimi kukataa kupika siku mbili. Mgomo unasaidia. Kitinda mimba amegonga nguzo. Nguzo nzima, gari si zima.

Ulichopika si mboga za kukaanga, ni mboga zilizozama. Nani alikuambia ufunike? Ukifunika, mvuke unarudi ndani, na mboga zinajipika kwa maji yao wenyewe. Ukizijaza karai zima ni hivyohivyo, moto unashindwa. Pika nusu, weka pembeni, pika nusu nyingine, kisha zichanganye. Na ukishaziosha zifute kwa kitambaa, kavu kabisa. Maji na mafuta ya moto hayaelewani, yatakurukia.

Jambo lingine: vipande vilingane. Kimoja kikiwa kinene na kingine chembamba, hiki kitaungua kile kikiwa bado kibichi. Hili sikufundishi, wewe ndiye fundi wa kioo. Karakana nzima wanakuita Milimita, basi nionyeshe hiyo milimita.

Umesema mkate hauna ladha. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, kisha nimeamua kuandika habari za karoti, kwa sababu karoti naziweza.

Dadako


2 Aprili

Dada,

Mpe pole shemeji kwa kifua, na pole ya nguzo pia. Madirisha ya shule tumemaliza. Mvua imepungua, ndoo sasa inajaa kwa siku mbili.

Karoti nimezipima. Rula ya chuma, milimita tatu kila kipande, na urefu sitini. Hoho ni ngumu kupima kwa sababu zimejikunja, nikazikata milimita tano. Nilizifuta kwa kitambaa cha kung'arishia vioo, kipya, usiogope. Karai likapata moto, nikatia karoti, nikasikia ule mlio. Nilisimama palepale nikigeuza mpaka mwisho. Zilitoka ng'avu. Siku ya pili nilipeleka kazini kwenye chombo, msimamizi akaonja, akaonja tena, akasema, "Milimita, huyo mchumba muoe."

Nimepika siku kumi na nne sasa. Uyoga, maharagwe machanga, biringanya. Biringanya inakunywa mafuta yote, ikabidi nitie maji kidogo. Uzito umeshuka. Miguu ina ganzi ikifika jioni, ni kusimama tu.

Kuna kitu nataka kukisema, halafu usikijibu kama hutaki. Kila ninapochukua kijiko kimoja cha mafuta, kimoja tu kama ulivyoagiza, naona kama namsema marehemu. Miaka saba iliyopita ulikuja kwetu, ukasimama nyuma yake jikoni anamimina mafuta, ukamwambia, "Wewe utamuua ndugu yangu kwa mafuta haya." Nilikuwa sebuleni, nilisikia. Alizima jiko akatoka nje. Tangu hapo kila ulipokuja alikuwa na safari ya sokoni, na wewe hukuuliza, na mimi sikusema kitu kwa yeyote kati yenu.

Ulisema ataniua. Homa ya siku tano, na aliyetangulia ni yeye. Mimi nipo, napunguza mafuta.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Picha ya shemeji yako imetoka nzuri, ni sigara tu anazovuta kwa siri nyuma ya choo akidhani moshi hauna mdomo. Kantini wameniletea mashine ya kumenya viazi. Inamenya ganda pamoja na nusu ya kiazi.

Siku kumi na nne! Nimewasomea wapishi wenzangu habari za rula, tumecheka mpaka wali ukashika. Nakuongezea nyingine. Tafuta bitiruti, zile nyekundu za kuchafua mikono. Menya, kata vijiti kama njiti za kiberiti, kaanga peke yake kwanza kwa sababu inatia rangi kila inachokigusa. Tangawizi ya kukwaruza, kabichi kidogo, ndimu. Dakika sita. Damu itakushukuru.

Ganzi ya miguu mwambie daktari. Usimwambie ni kusimama, mwambie ni ganzi, umwache yeye aseme ni nini. Ule msemo wa asiyesikia la mkuu sitaumalizia, unajua mwenyewe unaishia wapi, na unajua baba aliishia wapi.

Hilo la wifi tuliache. Yaliyopita si ndwele.

Dadako


20 Mei

Dada,

Samahani kwa kuchelewa, barua yako ilikaa mezani. Nilikuwa najua imesema nini. Natumaini wote hawajambo. Huku hakuna jipya. Nimechoka kidogo, siku tatu sijaenda kazini, mafua yanataka kuja na yanasita. Kliniki nilikuwa niende mwezi huu.

Bitiruti nimeipata. Njiti za kiberiti ni milimita mbili kwa mbili, nilipima ya kweli. Ni tamu kuliko nilivyotegemea. Niseme ukweli, hiyo ndiyo ladha ya kwanza niliyoisikia tangu Desemba, na sikuifurahia, nilishtuka tu.

Ila utacheka. Ilichafua nyumba nzima. Asubuhi naamka naona nyayo nyekundu kutoka jikoni mpaka chumbani, za mguu wa kushoto tu, nadhani nilikanyaga maganda. Nikapiga deki. Asubuhi ya pili ziko tena. Nikapiga deki. Ya tatu ziko tena, na siku hiyo sikuwa nimepika bitiruti, nilipika kabichi, kwa hiyo nadhani imeganda kwenye kandambili. Nitazitupa hizo kandambili. Mboga gani hii inayomfuata mtu mpaka kitandani.

Mdogo wako


27 Mei

Mdogo wangu,

Leo salamu baadaye.

Hiyo si bitiruti. Bitiruti haichagui mguu. Unakanyaga kioo siku nzima kazini na miguu yako haina hisia. Hiyo ni damu yako, na hayo siyo mafua.

Barua yako nimeifungua saa nne asubuhi pale kantini nikaacha masufuria yanachemka. Nimempigia msimamizi wako karakana. Atakuja kwako na gari kabla hata barua hii haijapanda basi, na nimemwambia asikuulize unaendeleaje, akubebe tu. Ukiisoma hii wodini, vizuri. Ukiisoma nyumbani, inuka sasa hivi, iache hapohapo.

Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, hata baba alipokatwa mguu kwa kisukari hikihiki nilikuandikia habari za hali ya hewa. Wewe ndiye uliyenibakia katika watoto wa mama. Nimekufundisha kukata karoti kwa miezi minne na sikuthubutu kukuuliza kama unataka kuishi. Sasa nakuuliza.

Na lile la wifi silipiti tena pembeni. Nilimwambia neno baya jikoni kwake, mbele ya jiko lake. Nilimwona baba ndani ya sufuria ile, lakini yeye hakulijua hilo, alichosikia ni kwamba namwita muuaji. Miaka saba nilikuwa na mdomo, sikumwomba msamaha. Makaburini ulinitazama ukaona silii. Nilikuwa naona aibu, na aibu haitoi machozi. Nakuomba wewe msamaha kwa niaba yake, ingawa najua msamaha hauhamishwi hivyo.

Nimeomba likizo. Mpaka nipewe, kula chochote watakachokupa huko.

Dadako


30 Juni

Dada,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa dereva. Nimetoka hospitali jana baada ya wiki nne na siku kadhaa. Paa la jikoni wamelitengeneza watu wa karakana nikiwa sipo, na msimamizi amedeki nyumba nzima, vibaya.

Kilikuwa kipande cha kioo cha dirisha, cha milimita nne, urefu milimita kumi na moja. Niliomba wanipe, nikakipima. Kilikuwa kisiginoni na nyama ilikuwa imeanza kufumba juu yake. Ndani kulikuwa na usaha. Wamekata nyama nyingi, lakini mguu upo. Daktari alisema ningekaa na mafua yangu wiki moja zaidi angekuwa anaongea nami habari nyingine. Nilimwambia ni ganzi, sikumwambia ni kusimama.

Siku walipokitoa sikusikia kitu. Nilikuwa natazama dari. Muuguzi, mama wa makamo, akaninyanyua mguu akaugeuza upande wa dirishani, akasema, "Baba, hiki kina siku nyingi. Nyumbani nani anakuangalia nyayo?"

Nilikuwa nataka kusema hakuna. Mdomo ukafunguka ukataja jina la wifi yako. Sikuwa nimelitaja tangu Desemba, wewe mwenyewe umeona katika barua. Nikalitaja, kisha nikalia. Nililia mbele ya wodi nzima, Dada, kamasi na kila kitu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akazima redio yake. Muuguzi hakuniachia mguu.

Kuna jambo hulijui, na sikuwahi kumwambia mtu kwa sababu mwanamume hasimulii habari hizi. Miaka kumi na sita, kila jioni nikitoka karakana, alinikalisha kwenye kiti cha jikoni chakula kikiwa motoni. Aliuweka mguu wangu pajani kwake, akapitisha kidole gumba unyayo mzima, taratibu, akitafuta chenga za kioo. Alikuwa na kibano chake, alikiweka pamoja na vijiko. Mguu mmoja, kisha wa pili. Ndiyo maana alitia mafuta yote yale. Alikuwa ameipa sufuria mgongo, na chakula chenye mafuta mengi hakishiki chini upesi. Hizi mboga zako za dakika sita asingeziweza, zinataka macho, na macho yake yalikuwa kwangu.

Siandiki hivi ili ikuume. Hata mimi sikujua. Nimelielewa kitandani pale wodini, wiki ya pili, wakati naletewa kabichi ya kuchemsha. Nilimwona miaka kumi na sita anatia mafuta na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Siku ile uliyomsema, ningetoka sebuleni nikakueleza, hata kama ningekueleza nusu. Nilikaa. Tulimkosea wawili, na msamaha unaoniomba mimi, nami nauhitaji.

Umeniuliza kama nataka kuishi. Nilikuwa sitaki na wala sikatai. Sasa nadhani nataka, lakini inauma zaidi kuliko ilivyokuwa, na hilo hukuniambia. Ninamkosa. Nimeliandika sasa. Ninamkosa kila siku.

Njoo ukipata ruhusa. Chumba kipo. Nitakupikia mimi, na wewe utakaa.

Muuguzi alisema mtu anayeishi peke yake achukue kioo ajiangalie mwenyewe. Alinieleza kioo ni nini, mimi! Nimejikatia kimoja jana, milimita mia tatu kwa mia tatu, kingo nimezisaga zisikate, nimekilaza sakafuni mbele ya kiti cha jikoni. Nilipomaliza kula nilikaa, nikainua mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kinaonyesha vizuri, kila mstari. Lakini hakiulizi. Yeye alikuwa akiuliza kila jioni, "Panauma?" na mimi nilikuwa nikimjibu hapana hata palipouma, ili amalize upesi tule.

Jana nikauliza mwenyewe, kwa sauti, jikoni peke yangu. Panauma? Kisha nikamjibu ndiyo.

Mdogo wako